RTX 5090, 5080, 5070 Ti au RX 9070 XT: uchukue ipi ukiwa Mwanza

Kijana akipanda ngazi za ofisi yetu hapa Kirumba akiwa amenyoosha simu yenye picha ya kadi ya grafiki, swali nalijua kabla hajaketi. "Kaka, hela nimeshakusanya. Nichukue ipi?" Namuuliza mambo matatu kwanza. Kazi yako kubwa ni ipi? Kamera yako inarekodi faili za aina gani? Na umeme wa mtaani kwenu saa mbili usiku ukoje? Hilo la tatu huwanyamazisha wengi, kwa sababu video zote walizotazama zimerekodiwa mahali ambapo umeme haukatiki.

Studio yetu ina watu wanne. Tunahariri video za harusi na sendofu, tunatengeneza matangazo ya biashara za mjini, na kila mwezi zinaingia kazi mbili tatu za picha za 3D za majengo ambayo bado yako kwenye karatasi za wasanifu. Usiku kompyuta hizohizo zinageuka za gemu. Nimeanza na 3090 iliyotumika, nikafanya kazi kwa muda na 5090 ya mteja, na sasa natumia 5070 Ti. Nitakayosema hapa yametoka kwenye meza hiyo.

| Kadi | Ilitoka | Memori | Umeme | Bei ya kutangazwa |
|---|---|---|---|---|
| RTX 5090 | Januari 2025 | GB 32 | W 575 | dola 1,999 |
| RTX 5080 | Januari 2025 | GB 16 | W 360 | dola 999 |
| RTX 5070 Ti | Februari 2025 | GB 16 | W 300 | dola 749 |
| RX 9070 XT | Machi 2025 | GB 16 | W 304 | dola 599 |
| RTX 4090 | Oktoba 2022 | GB 24 | W 450 | dola 1,599 |
| RX 7900 XTX | Desemba 2022 | GB 24 | W 355 | dola 999 |
| RTX 3090 | Septemba 2020 | GB 24 | W 350 | dola 1,499 |

Zenye jina la RTX ni za NVIDIA, zenye RX ni za AMD. Bei hizo ni za siku kadi zilipotangazwa, kabla ya kodi. Dukani utakuta kuna VAT ya asilimia 18, usafiri na faida ya muuzaji. Hiyo 5090 tangu itoke imekuwa ikiuzwa juu ya bei yake karibu kila mahali duniani, kwa hiyo usishangae ukitajiwa hela inayonunua pikipiki na chenji ikabaki.

Anza na memori

Nenda Mwaloni asubuhi boti zikiwa zimerudi. Wanaoanika dagaa wanaweza kuwa na mikono myepesi kiasi gani, lakini chanja zikijaa, dagaa waliobaki wanakaa kwenye ndoo wakisubiri. Kasi ya kadi ni mikono, memori ni chanja. Kadi ikijaa memori, inaanza kuazima nafasi kwenye RAM ya kompyuta, na hapo kasi yote uliyoilipia inapotea.

Niliyaona haya kwenye kazi ya hoteli ya ghorofa nne yenye bustani. Jengo lenyewe lilikuwa jepesi. Kilicholemea ni miti, nyasi, na picha za mawe, maana mteja alitaka yale majabali ya Mwanza yaonekane nyuma ya jengo kama yalivyo, na kila jabali lilikuwa na picha yake kubwa ya uso. Kwenye 5070 Ti, Blender, programu yetu ya 3D, ilipita GB 16 na picha iliyokuwa ikichukua dakika chache ikakaa zaidi ya nusu saa. Tulipunguza ukubwa wa picha za majabali ya mbali, mzigo ukashuka chini ya GB 14, kasi ikarudi. Kazi ile kwenye 5090 ingepita bila kuguswa. Kwenye ile 3090 kuukuu pia ingepita, ingawa taratibu.

Kwa hiyo kama mkate wako wote unatokana na 3D ya majengo makubwa, chaguo lako liko kwenye GB 24 na GB 32, na 5080 iondoe kabisa kichwani. Hii 5080 ina memori ileile ya GB 16 kama 5070 Ti na inaizidi kwa kama asilimia 10 hadi 15 tu kwenye gemu nyingi, kwa tofauti ya dola 250 ya bei ya kutangazwa. Mimi sijaona kazi ya hapa kwetu inayohalalisha tofauti hiyo. Kasi inayoongezeka huisikii, na memori haijaongezeka.

Kwa video za harusi za 4K, GB 16 zinatosha vizuri. Utaona memori inapanda ukiweka kazi ya kusafisha chenga kwenye picha za usiku ndani ya programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, hasa zile za ukumbini ambako mpambaji ameweka taa za zambarau na kamera imepandishwa mwanga kupita kiasi. Inapanda, lakini haijawahi kunigomea. Anayehariri faili ghafi za 6K au 8K aangalie zaidi ya hapo.

Gemu nazo, hata kwenye 4K, GB 16 bado zinabeba karibu kila kitu kilichopo sokoni.

Swali la kamera

Hapa ndipo watu wengi hupoteza hela bila kujua. Kamera nyingi za Sony ambazo wapiga picha wa harusi wanazo mkononi, kama A7 IV, zinaweza kurekodi faili za H.265 (njia ya kubana video) za biti 10 zenye rangi za 4:2:2, yaani zinazohifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi. Faili hizo ni nzuri kwa kurekebisha rangi za ngozi, lakini ni nzito kufunguliwa. Kadi zote za NVIDIA kabla ya mfululizo wa 50, hata 4090 yenyewe, hazina sehemu maalumu ya kuzifungua. Ndiyo maana mtu ana kadi ya mamilioni na bado video inakwamakwama kwenye taimlaini: kazi inafanywa na prosesa, kadi imekaa pembeni.

Mfululizo wa RTX 50 ndio wa kwanza kwa NVIDIA kuzifungua faili hizo ndani ya kadi yenyewe, na matoleo ya 2025 ya Premiere Pro na DaVinci Resolve Studio yanajua kulitumia hilo. Nilipotoka kwenye 3090 kwenda 5070 Ti, hiki ndicho nilichokiona siku ya kwanza, kabla hata ya gemu. Kamera tatu za harusi moja zikicheza pamoja kwenye skrini, bila kutengeneza nakala nyepesi kwanza. Zile saa mbili tulizokuwa tukisubiri nakala zimeondoka kwenye ratiba yetu ya Jumatatu.

Kama hela ya kadi mpya bado, angalia kwanza kompyuta yako ina prosesa gani. Prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea zenye grafiki ya ndani huwa zinafungua faili hizi vizuri. Wengi wameizima grafiki hiyo kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya kompyuta, bila kujua. Iwashe, washa na mpangilio wake kwenye programu, kisha ujaribu. Inawezekana ukaahirisha ununuzi mwaka mzima.

NVIDIA au AMD

Kwa anayecheza gemu tu, RX 9070 XT ni kadi ninayoipenda kwa dhati. Kwenye gemu za kawaida inakimbizana na 5070 Ti, kwa bei ya kutangazwa iliyo chini kwa dola 150. Inaachwa pale gemu inapowashiwa rei tresingi nzito, kama Cyberpunk 2077 ukiweka mwanga wote uhesabiwe kwa miale. FSR 4, mbinu ya kukuza picha ndogo ili gemu ikimbie zaidi, iliyokuja na mfululizo huu wa RX 9000, imeifikisha AMD karibu sana na DLSS ya NVIDIA kwa usafi wa picha. Ile 7900 XTX ina memori zaidi, lakini ilizaliwa kabla ya maboresho hayo, na kwa gemu za leo ningechukua 9070 XT bila kusita.

Kazi ikiingia, hesabu inabadilika. Blender inazitumia kadi za AMD kupitia HIP, njia ya AMD ya kuipa kadi hesabu, inafanya kazi, lakini 5070 Ti kupitia OptiX, njia ya NVIDIA, inaziacha mbali. Programu na viongezi vingi vya 3D na vya akili bandia vimeandikwa kwa CUDA, mfumo wa NVIDIA peke yake, kwanza, na nyingine kwa CUDA peke yake. Anayetaka kadi moja ilipe kodi ya ofisi mchana na imburudishe usiku, namwambia NVIDIA. Naisema hivyo nikijua bei zao zinauma.

Na kama gemu yako ni EA FC na Call of Duty na wenzako wa Igoma na Buzuruga, kwenye monita ya 1080p, kadi zote saba za jedwali hili ni kubwa kuliko unachohitaji. Kadi ya daraja la RTX 4060 inatosha. Pia kadi haipunguzi ping, ule muda wa kwenda na kurudi kwenye seva. Seva ikiwa mbali, iko mbali.

Umeme

Watu wanaogopa LUKU, kwa hiyo tuanze nayo. Kompyuta yenye 5090 ikifanya kazi kwa nguvu zote, pamoja na prosesa na vingine, inakula kama W 800. Yenye 5070 Ti inakula kama W 500. Kwa saa sita kwa siku, siku 26 za mwezi, ya kwanza inafika uniti 125, ya pili uniti 78. Kwa takribani shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni kama shilingi 44,000 na 28,000. Kama mita yako iko kwenye kundi la watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, kompyuta yoyote kati ya hizo mbili itakutoa humo.

Lakini angalia vizuri. Kwenye Blender, 5090 inamaliza picha kwa karibu nusu ya muda wa 5070 Ti. Picha ya dakika kumi inakuwa ya dakika tano, na ukipiga hesabu ya uniti kwa kila picha, kadi kubwa inatumia uniti pungufu. Bili haipaswi kukuzuia. Cha kuogopa ni mzigo wa papo kwa papo, ule ambao kompyuta inauvuta sekunde moja inapoanza kurenda, yaani kutengeneza picha ya mwisho.

Nalijua hili kwa sababu liliniumiza. Jumapili moja nilikuwa naitoa video ya harusi ya mteja wa Buhongwa, imebaki robo. Kompyuta ilikuwa na 3090, chini ya meza kuna UPS (betri ya akiba) ya VA 650, ile ndogo inayouzwa kila duka. Umeme ukakatika kwa muda wa kupepesa jicho. UPS hiyo inaweza kutoa kama W 360 hadi 390. Kompyuta ilikuwa inaomba karibu W 550. Ikapiga mlio mmoja mrefu na kila kitu kikazima. Video nilianza upya, na diski moja haikuwaka tena. Bwana harusi alinipigia Jumatatu asubuhi nikamweleza ukweli, akanielewa, lakini ile diski ilikuwa na kazi ya watu wengine wawili.

Kwa hiyo pigia hesabu UPS na kadi kwa pamoja, kama bidhaa moja. Kwa 5070 Ti au 9070 XT, UPS ya VA 1500 inayotoa kama W 900 inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utulivu. Kwa 5090 usishuke chini ya VA 2000, na VA 3000 ndiyo salama. Chagua inayotoa mawimbi safi ya umeme, maana pawa saplai nzuri za kisasa nyingine hujizima zikilishwa mawimbi ya kukatakata ya UPS za bei rahisi, na unabaki unadhani UPS ni mbovu. Jioni umeme ukiwa mdogo, zile taa zinapofifia, UPS inayorekebisha volti yenyewe inakuokoa pia.

Pawa saplai: NVIDIA inapendekeza W 1000 kwa 5090, W 850 kwa 5080, W 750 kwa 5070 Ti. Tafuta iliyoandikwa ATX 3.0 au 3.1, zimeundwa kuvumilia miruko hii. Sanduku lililoandikwa "1000W" linalouzwa bei ya kesi tupu, liache hapo lilipo.

Halafu kuna ile pini ndogo ya nyaya 16 inayobeba karibu umeme wote wa kadi. Habari za pini kuyeyuka zilianza Oktoba 2022 na 4090, na 2025 zikasikika tena kwa 5090. Ukiifunga, sukuma kwa kidole gumba mpaka isiingie tena, kisha washa tochi ya simu uangalie kwa ubavu: kusiwe na mwanya hata wa unene wa ukucha kati ya plagi na kadi. Waya usiupinde papo hapo inapotokea. Uache utembee sentimita tatu nne ukiwa umenyooka. Kesi nyembamba ambayo mfuniko wa kioo unaukandamiza waya huo haifai kwa kadi hizi. RX 9070 XT aina nyingi zinatumia pini za zamani za nyaya nane, mbili au tatu, na kwa fundi wa mtaani hizo ni rahisi kuzifunga bila kukosea.

Ukishanunua 5090 na umeme wako ni wa mashaka, ishushe nguvu hadi W 450 kwa programu ya MSI Afterburner. Inapoteza asilimia chache tu za kasi, na joto la chumba utalisikia likipungua.

Joto, na wadudu wa ziwani

Mchana wa Mwanza ni nyuzi 27 hadi 29 miezi mingi. Kadi ya W 575 kwenye chumba cha mita tatu kwa tatu ni jiko. Bila dirisha la kupitisha upepo au AC, feni zitapiga kelele mpaka mteja aulize kuna nini.

Lakini kinachonishughulisha zaidi ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kama moshi juu ya maji mwezi ukiwa mwandamo. Usiku wanafuata mwanga, na kompyuta yenye taa za rangi kwenye dirisha linaloangalia ziwa inawaita. Mwaka juzi niliifungua kadi baada ya miezi mitano. Nilipotoa ganda la feni, mapezi ya kipoza joto yalikuwa yamezibwa na zulia la kijivu la mabawa, laini kama pamba, limeshikana kwa unyevunyevu na vumbi. Nililing'oa kwa brashi ya rangi, likatoka kipande kizima chenye alama za mapezi. Joto la kadi likashuka kwa nyuzi 14 siku hiyohiyo.

Tangu hapo nina nyavu laini mbele ya feni za kuingiza hewa, taa za kesi nimezizima, na kila baada ya miezi miwili kuna nusu saa ya brashi na kipulizia. Wewe unayekaa Luchelele au Capri Point, unapochagua kati ya aina mbili za kadi ileile, chukua yenye ganda linalofunguka kwa skrubu za kawaida.

Zilizotumika

Kadi ya 3090 iliyotumika bado ina mantiki moja: GB 24 kwa bei nafuu. Haifungui 4:2:2, haitoi video za AV1 (njia mpya ya kubana video), na inakula W 350. Nyingi zilichimba sarafu za Ethereum mpaka Septemba 2022 mtandao ule ulipoacha kutumia kadi. Nusu ya memori yake iko mgongoni, ambako upepo wa feni haufiki, na vibandiko vya kupitisha joto vikichoka inafika nyuzi 110 na kujipunguza kasi yenyewe. Yangu ilikuwa hivyo, na aliyeniuzia alikuwa amenihakikishia kwamba ni ya mtu wa gemu tu.

4090 iliyotumika ni kadi ya kazi hasa, ila zimeshapatikana zilizotolewa chipu na memori zikafungwa tena kama nzima. Usilipe kadi usiyoiona ikifanya kazi. Nenda na flashi yenye programu za GPU-Z, HWiNFO na OCCT. GPU-Z ikuoneshe jina na memori sahihi, OCCT iipime memori kwa dakika ishirini, na HWiNFO ikuoneshe joto la memori wakati huo. Likipita nyuzi 100, vibandiko vinahitaji kubadilishwa; shusha bei au ondoka.

Ununue wapi

Mjini Mwanza kadi kubwa huagizwa zaidi kuliko kukutwa rafuni. Wengi wanazitoa Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi, wengine Nairobi kupitia Sirari. Muulize muuzaji jambo moja kabla ya bei: ikiharibika mwezi wa nne, nairudisha wapi na nani analipa usafiri? Kama dhamana ni ya Dubai, hesabu kwamba huna dhamana. Mimi nililipa zaidi kidogo kwa muuzaji wa hapahapa mwenye risiti ya EFD na duka ninaloweza kuingia kwa miguu, na kwa kadi ya bei hii ningefanya hivyohivyo tena.

Ukiagiza kompyuta nzima ikiwa imeshaunganishwa, mwombe fundi aichomoe kadi na kuisafirisha kwenye boksi lake. Kadi hizi ni nzito na ndefu, nyingi zinapita sentimita 30. Matuta ya njia nzima yanaipiga ile nafasi kwenye mazabodi, na inafika imepasuka pembeni.

Kijana wa mwisho niliyekaa naye ni wa chuo cha SAUT, anapiga harusi wikendi kwa A7 IV na anacheza usiku kwenye monita ya 1440p. Alikuja na hela ya 5080. Tulipiga hesabu kwenye karatasi: akachukua 5070 Ti, na iliyobaki ikanunua UPS ya VA 1500 na diski ya pili ya kuhifadhi kazi. Juzi umeme ulipokatika Nyegezi alinitumia picha ya skrini yake ikiwa bado inawaka, video ikiwa asilimia 81.